Mama Tazama na Kwikwi ya Mumewe

Ukimwambia Mama Tazama, "Mama, tumbo linaniuma," usitegemee pole. Pole itakuja baadaye, kama bado uko hai. Kwanza atakukazia macho juu ya miwani yake na kukuuliza, "Tumbo ni mahali, mwanangu, siyo ugonjwa. Sema unachotaka kusema. Ni kiungulia, ni kuvimbiwa, au ni kuharisha?" Mpaka umalize kuchagua, tumbo lenyewe limeshachoka kuuma. Jirani yake mmoja, muuza nguo, aliwahi kuapa kwamba akipatwa na jambo ataugua kimyakimya, maana kuhojiwa na yule mama ni ugonjwa wa pili.

Lakini tusimwonee bure. Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Alikuwa ameajiriwa katika maktaba ya sayansi za afya, ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye dirisha lisilofunga na feni inayopiga kelele bila kutoa upepo. Kila siku ziliingia makala za madaktari na watafiti, na madaktari ni watu wasiopatana hata kwa jina. Huyu anaandika "shinikizo la damu," yule anaandika "presha," wa tatu anaona aibu na kuandika "damu kupanda." Wote ugonjwa ni uleule. Sasa makala ikihifadhiwa kwa jina lililompendeza mwandishi wake, mtu akija kutafuta atapata moja na kuzikosa kumi. Ndiyo maana maktaba ilikuwa na orodha yake ya istilahi: kila jambo jina moja lililokubaliwa, na hayo majina mengine yanapewa adabu kwa neno moja tu, tazama. Presha, tazama Shinikizo la Damu. Mama huyu ndiye aliyekuwa akisoma makala na kuzipa istilahi zake, na ndiye mlinzi wa orodha yenyewe. Jina la utani lilimjia lenyewe, na hakulikataa, kwa kuwa aliliona ni sahihi.

Shida ni kwamba kazi haikubaki kazini. Makabati ya jikoni kwake aliyabandika vikaratasi. Siku moja mumewe alitafuta chupa ya chai, akakuta kikaratasi kinasema, "Chupa ya chai, tazama Themosi." Akafungua kabati la pili, akasoma, "Themosi, tazama Vyombo vya Kutunza Joto." Kabati la tatu lilikuwa limefungwa na mwenyewe alikuwa kazini na ufunguo. Yule bwana alikunywa maji ya bomba, akaenda zake kibarazani kukaa.

Na huyo mume ndiye hasa ninayetaka mumjue, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi hapa. Alikuwa fundi saa, mtu mpole mwenye vidole vyembamba na mdomo usiochoka kupiga soga. Enzi za ujana wake, kabla hajamjua mke wake, alishikwa na kwikwi. Sisemi kwikwi hizi zetu za kupaliwa na mkate, ukanywa maji zikaondoka. Hii ilimshika asubuhi moja akiwa amefungua saa ya mteja, ikagoma kumwachia kwa miezi na miezi. Hebu fikiria, fundi saa mwenye kwikwi! Anashika skrubu ndogo kama chawa kwa kibano, kwi!, skrubu iko kwenye paa la jirani. Wateja walianza kukaa mbali, na mama yake mzazi alikuwa akimletea chakula na kumwekea mlangoni, kwa usalama.

Watu walimtibu kila namna, na wote waliamini dawa ni kumshtua. Kaka yake alimrushia paka mgongoni. Shangazi yake alimpasulia mfuko wa karatasi sikioni. Rafiki yake mmoja alijilaza chini akajifanya amekufa, akalala hapo mpaka sisimizi wakamgundua. Wapi! Kwi, kwi, kwi, usiku na mchana. Mwisho akaangukia mikononi mwa daktari fulani, aliyempima akashindwa, na kwa kuwa daktari akishindwa huandika, akaandika makala. Iliitwa "Kwikwi isiyokoma kwa fundi saa: taarifa ya mgonjwa mmoja." Ilimalizika kwa maneno haya: mgonjwa anaendelea kufuatiliwa.

Makala hiyo ilitua kwenye meza ya Mama Tazama, enzi hizo bado binti mgeni kazini. Akaipekua orodha, hakuna istilahi ya jambo hilo. Tena mwandishi hakueleza vizuri kama mgonjwa alikuwa akitengeneza saa au akiziuza, na kwake hayo ni mambo mawili mbalimbali. Mtu mwingine angekisia. Yeye alivaa viatu akaenda kumtafuta mgonjwa mwenyewe.

"Wewe ndiye taarifa ya mgonjwa mmoja?" aliuliza akiwa bado mlangoni mwa kibanda.

"Ndi—kwi!—yo," alijibu fundi.

"Unatengeneza saa au unauza?"

"Nate—kwi!—ngeneza."

Akaandika, akaaga, akaondoka. Kesho yake akarudi, akaingia mpaka ndani na saa ya mkononi ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Keshokutwa akaja na saa ya ukutani ya mama yake, nayo nzima kabisa. Fundi alikuwa na kwikwi lakini hakuwa mjinga. Baada ya saa kadhaa nzima kupita mikononi mwake, aliweka kibano chini akasema, "Dada, saa zote za kwenu ni nzi—kwi!—ma. Je, nikikuo—kwi!—a, utakubali?"

Na yule binti, ambaye hakuweza kukiita kikohozi kikohozi bila kufungua vitabu vitatu, alisema "Ndiyo" papo hapo. Hakutazama popote, hakumuuliza mtu.

Kwikwi ikakoma. Fundi alikaa mdomo wazi akiisubiri, kama mtu aliyemsikia mpangaji wa juu akitupa kiatu kimoja sakafuni, akawa anasubiri cha pili. Haikuja siku hiyo, haikuja tena.

Mwaka huohuo kamati ya maktaba ilikubali istilahi mpya aliyoipendekeza yeye: Kwikwi Sugu. Jioni aliporudi nyumbani, bwana harusi wake alimpokea mlangoni kabla hajavua viatu. "Niko?" alimuuliza. "Uko," alijibu. Basi tangu hapo ikawa desturi yao wenyewe. Kila mwaka orodha ilipohuishwa, jioni ile yule bwana alisimama mlangoni akauliza, "Niko?" Naye akamjibu, "Uko." Watoto walizaliwa, wakakua, wakahama, swali likabaki. Fundi mwenyewe alivimba kichwa kwelikweli. Kwa kinyozi hakuna asiyejua kwamba ameandikwa kwenye orodha ya matibabu, na vijana wa pale walimwita Mzee Istilahi. Alipopita walimwamkia, "Shikamoo, Mzee Istilahi!" naye akajibu "Marahaba" taratibu, kama mtu mwenye barabara ya jina lake.

Sasa sikiliza jinsi orodha hiyo inavyohuishwa, maana hapo ndipo balaa lilipoingilia. Mara moja kwa mwaka wanakaa watu watatu: Mkuu wa maktaba, Daktari mshauri, na Mama Tazama. Wanaongeza istilahi za magonjwa mapya, na za zamani wanazikagua. Istilahi ambayo kwa miaka kumi haijapata makala mpya hata moja inastaafishwa, na makala zake zinahamishiwa kwenye istilahi pana iliyo juu yake. Kanuni hiyo aliitunga nani? Mama Tazama mwenyewe. Na aliilinda kwa meno.

Mwaka uliotangulia kanuni hiyo ilimwangukia Daktari. Alikuwa na istilahi yake aliyoipenda kuliko hata gari lake, Kidole cha Mpiga Zumari, uvimbe aliokutana nao alipokuwa kijana, kwa mgonjwa mmoja, kwenye kidole kimoja. Daktari aliomba, alibembeleza, alileta hadi picha ya kidole. Mama Tazama alimtazama juu ya miwani akasema, "Daktari, hapa hatufugi istilahi kama paka. Isiyokamata panya, nje." Kidole kikatolewa. Daktari alinuna tangu siku hiyo. Aliacha hata kumkaribisha biskuti zake, akawa anazila peke yake ameupa mgongo mlango.

Kwa hiyo mwaka huu walipokaa, na Mkuu akasoma kwa sauti yake ya usingizi, "Kwikwi Sugu. Miaka kumi tangu makala ya mwisho, hakuna mpya," Daktari aliweka kikombe chini taratibu kabisa. Uso wake uling'aa.

"Loo," alisema. "Hii si ile ya... nani vile? Mzee wa nyumbani?"

Mama Tazama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mimi sina neno," Daktari aliendelea. "Nauliza tu, huyu paka anakamata panya?"

"Makala zake zihamie Matatizo ya Upumuaji," alisema Mama Tazama. Mkuu, ambaye si mtu mbaya ila anapenda vikao viishe, aliuliza kama kuna mwenye hoja. Mama Tazama angeweza kuomba. Angeweza kusema, jamani, hii ni ndoa yangu. Lakini angemwambia nini Daktari na kidole chake? Alijikaza, akasema hana hoja. Moyoni alikuwa akilia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi, na kilichomliza si istilahi. Alikuwa anawaza jioni, pale mlangoni, na lile swali. Atamjibu nini mumewe?

Kuunganisha istilahi mbili ni kazi ya dakika tu. Kwenye kompyuta yanatokea masanduku mawili. Sanduku la kushoto unaandika istilahi inayoondoka, la kulia unaandika inayobaki. Mmoja anajaza, wa pili anakagua na kubonyeza Kubali, ili kosa la mmoja lisipite. Mama Tazama alijaza huku miwani imejaa ukungu. Daktari akaja kukagua, lakini alikuwa anapiga mluzi, tena wimbo wa zumari. Alikuwa na furaha kiasi kwamba hakusoma hata herufi moja. Akabonyeza Kubali kwa kidole cha shahada, akakiangalia kidole chenyewe, akatabasamu.

Jioni hiyo Mama Tazama aliingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mumewe alimsubiri mlango wa mbele na shati jipya, mpaka aliposikia sufuria zinagongana jikoni.

"Mama watoto! Umepitia wapi?"

"Huku kuna upepo."

"Haya. Niko?"

"Mtambo bado unapanga," alisema, na uso wake ameuzamisha kwenye kabati la Vyombo vya Kutunza Joto. "Kesho." Fundi alimtazama mgongo, akarudi kukaa. Alipofika mezani hakupiga soga, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile.

Asubuhi simu ya maktaba ilikuwa inalia kabla hawajafungua mlango. Bingwa wa pumu kutoka hospitali kubwa alikuwa anabweka upande wa pili. "Nimetafuta matatizo ya upumuaji, nimeletewa kwikwi! Pumu, kwikwi! Moshi wa jikoni, kwikwi! Watoto njiti, kwikwi! Nyinyi mna akili timamu?" Alipokata, mwanafunzi akapiga, halafu muuguzi mkuu fulani aliyekuwa anaandaa mafunzo na akauliza kwa upole kama kumetokea mlipuko wa kwikwi ambao serikali haijautangaza.

Mama Tazama alifungua kompyuta. Masanduku yalikuwa yamejazwa kinyume. Iliyoondoka ni Matatizo ya Upumuaji, yenye makala elfu kadhaa. Iliyobaki ni Kwikwi Sugu. Katika maisha yake yote ya kazi hajawahi kukosea, na siku alipokosea alikosea kwa ukubwa wa nchi nzima. Kama ni macho au ni vidole vilivyogoma, mimi sijui, na yeye mwenyewe ukimuuliza anabadilisha mazungumzo.

"Turudishe nakala ya akiba," alisema Mkuu, akijifuta jasho.

Nakala ya akiba hujiandika yenyewe kila jioni juu ya ile ya jana yake, na jioni ilikuwa imejiandika vizuri tu, pamoja na kosa. Na istilahi mbili zikishaunganishwa, kompyuta haikumbuki ipi ilikuwa ya nani. Kumwaga sukari kwenye chumvi ni rahisi. Kuzitenganisha, kaa chini, chukua punje moja moja. Makala zote zile zingepaswa kusomwa upya na binadamu.

"Ni mimi," alisema Mama Tazama. "Nimejaza mimi."

Daktari alisikia hayo akiwa anaingia na biskuti mdomoni. Alisimama, akatazama skrini, akamtazama Mama Tazama, na kicheko kikamlipuka. Alicheka akashika meza, akacheka akashika ukuta. "Mama Tazama! Ha! Nchi nzima ina kwikwi! Mbavu sina! Mbavu si... kwi!"

Mkuu aliacha kujifuta jasho.

"Samahani," alisema Daktari. "Ni biskuti. Kwi!"

Haikuwa biskuti. Alikunywa maji, alibana pumzi mpaka akawa na rangi ya bilinganya, alisimama kwa kichwa huku Mkuu amemshika miguu. Kwi. Akaenda nayo nyumbani, akarudi nayo. Akala nayo, akaoga nayo, akalala nayo, na mkewe akahamia chumba cha wageni. Siku ya tatu aliingia ofisini macho mekundu, shati amelifunga vifungo mshazari, akajitupa kwenye kiti kilicho kando ya Mama Tazama.

"Nitafu—kwi!—tie dawa. Maktaba nzima hii, haikosi ma—kwi!—kala."

Mama Tazama aliandika Kwikwi Sugu, akabonyeza. Zikamiminika makala elfu kadhaa, za pumu, za kichomi, za vumbi la viwandani, za kukoroma. Daktari alizitazama zikipita mbele yake kama mwenye njaa anayetazama harusi ya wengine.

"Ile yenye—kwi!—we iko wapi?"

"Imo humo ndani," alisema Mama Tazama. "Wakati ilipokuwa na istilahi yake, ungeipata kwa kubonyeza mara moja." Hakusema kwa kumsuta, alikuwa amechoka mno. Isitoshe, makala ile ya fundi saa aliijua kwa kichwa na haikuwa na msaada, na chache zilizofuata ziliinukuu tu. Iliandikwa kabla mgonjwa hajapona. Dawa aliijua mtu mmoja tu, naye alikuwa nyumbani, siku ya tatu sasa, hajauliza tena swali lake.

Mkuu akampigia simu Fundi. Mama Tazama alitamani sakafu ipasuke.

Fundi alifika amevaa lile shati jipya. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ngazi zile, na alipanda kama mtu anayekwenda kuona nyumba yake iliyojengwa na wengine. Alisalimia kila mtu, akamwangalia Daktari kwa huruma ya mtu aliyepitia.

"Pole sana, Daktari. Yangu ilikuwa inapanda zaidi kwenye bega."

"Mzee, shika—kwi!—moo. Yako iliko—kwi!—maje?"

"Marahaba. Ilikoma kwa mshtuko. Lakini mshtuko wa kweli, siyo hii michezo ya mifuko na paka." Akamwelekeza kidole mkewe. "Nilimuuliza huyu kama atakubali nimuoe, nikijua ataniambia subiri mpaka kamati ikae. Akasema ndiyo. Sijawahi kushtuka vile."

"Sasa mimi nimwoe na—kwi!—ni? Nina mke!"

"Basi kitu kingine," alisema Fundi, akageuka kuangalia makabati. "Lakini kabla ya hapo nionyesheni. Niko wapi humu?"

Mkuu alianza kupanga kalamu zake. Daktari, ambaye kwa siku tatu za kutolala alikuwa amepoteza hata ile hila yake, alisema tu ukweli. "Mzee, tuliku—kwi!—ondoa. Majuzi. Kwa kanuni."

Fundi alimtazama mkewe. "Kanuni ya nani?"

"Yangu," alisema Mama Tazama.

"Na aliyejaza?"

"Mimi."

"Ndiyo maana ulipita mlango wa nyuma." Akasema hivyo tu. Hakufoka, hakukunja uso. Alikitazama kile chumba, dirisha lisilofunga na feni inayopiga kelele, akamwambia Daktari, "Upone haraka," akashuka ngazi. Mama Tazama alimsikia mpaka hatua ya mwisho. Hapo machozi yakamtoka mbele ya watu, mama mzima na cheo chake, na hakutafuta jina rasmi la hali ile.

Mkuu hakupenda kilio ofisini. Ili kubadilisha hewa, alikohoa akafungua faili lake. "Sasa, kuhusu kazi ya kutenganisha makala. Nimekagua. Aliyejaza ni Mama, na amekiri. Lakini aliyebonyeza Kubali ni nani?"

"Ni mi—kwi!—mi," alisema Daktari.

"Na kazi ya mwenye kubonyeza Kubali ni nini?"

"Kukagua."

"Vizuri. Basi makala zote hizo, elfu kadhaa, utazisoma wewe. Moja moja. Kuanzia leo. Likizo yako nimeisimamisha."

Daktari alifumbua mdomo. Akaufumba. Akaufumbua tena. Feni ilipiga kelele, simu ikalia ikanyamaza, na wote watatu wakasubiri. Hakikutoka kitu.

"Imekoma," alinong'ona. Halafu akaruka kutoka kwenye kiti. "Jamani, imekoma! Mkuu, rudia! Hapana, usirudie!" Akamshika Mama Tazama mikono yote miwili. "Mama, imevuka siku mbili. Kwikwi ikivuka siku mbili huitwa sugu, au siyo? Ni sugu kwa vigezo vyote! Naandika makala. Leo hii. Na mwaka ukifika, istilahi ina makala mpya, haiguswi!"

"Utaandika ndipo nitasoma," alisema Mama Tazama, akipenga kamasi. "Ikiwa imeandikwa vizuri itaingia. Ikiwa imeandikwa ovyo, nje. Na kamati haijakaa bado." Lakini sauti haikuwa na makali. Daktari alimsukumia pakiti nzima ya biskuti, naye akaipokea bila kuitazama. Mawazo yake yalikuwa yameshashuka ngazi zamani.

Jioni alipitia mlango wa mbele. Alisimama kizingitini, hajavua viatu, mkoba begani na biskuti mkononi. Mumewe alikuwa mezani amefungua saa, kioo cha fundi jichoni. Hakuinua kichwa. Mama Tazama alisubiri. Hajawahi katika ndoa yake kusubiri pale mlangoni bila kuulizwa, na alishangaa jinsi kizingiti kilivyo baridi.

"Baba watoto," alisema mwisho. "Leo huniulizi?"

"Naogopa jibu."

"Uliza."

Fundi alitoa kile kioo jichoni akakiweka mezani. "Niko?"

Kwa haki, jibu sahihi lilikuwa refu. Daktari hajaandika, kamati haijakaa, masanduku bado yako kinyume na jina limebaki kwa kosa tu, na mwenye kujua kazi yake angesema suala liko kwenye mchakato. Mama Tazama hakutazama popote.

"Uko," alisema.

"Kwenye orodha?"

"Orodha sijui. Wakikaa tutajua. Mimi nimesema uko."

Yule bwana alimwangalia, macho yakamlowa. "Wewe mwanamke," alisema, "unadhani miaka yote hii nauliza habari za orodha? Mimi niliyewekewa sahani mlangoni na mama yangu? Ulikuja wewe ukaingia mpaka ndani. Kila mwaka nilikuwa nakuuliza we—kwi!"

Wakatazamana. Kibano kilimdondoka mkononi, na skrubu ya saa ya mteja ikaruka ikaingia kwenye kabati lililoandikwa "Mengineyo." Wakasubiri, yeye mdomo wazi, mkewe ameshika pakiti ya biskuti kifuani. Walisubiri sana. Ya pili haikuja.

"Hiyo si sugu," alisema Mama Tazama, akavua viatu, akavuta kiti akakaa karibu naye.